Kikombe cha Kuonjea

Naitwa Candiru, ingawa hapa Koboko, mji wetu wa mpakani kaskazini mwa Uganda, wananijua kwa jina la mwanangu, Mama Joel. Nimeombwa nieleze jinsi pombe ilivyonishika na jinsi ilivyoniachia. Nitaeleza, lakini usiharakishe kuniamini. Mimi mwenyewe sijawahi kumwamini mtu kwa haraka, na sioni kwa nini nikudai wewe jambo ambalo nilimnyima hata mdogo wangu wa tumbo moja. Sikiliza kwanza, pima, halafu uamue.

Nilizaliwa Logiri, kwa wakulima wa mihogo na tumbaku. Nikaolewa Koboko na Mkakwa mmoja aliyekuwa fundi wa malori. Alinijengea nyumba ya matofali karibu na barabara ya kwenda Oraba, akaugua figo, akafa, akazikwa nyuma ya nyumba hiyohiyo. Joel alikuwa ameshaenda Juba kutafuta kazi. Nikabaki na nyumba, kaburi, na ujuzi niliofundishwa na mama mkwe wangu, wa kupika kwete. Kwa asiyeijua, ni pombe yetu ya mahindi na ulezi, nzito, ya rangi ya uji. Walikunywa kwangu matingo wa malori, mawakala wa mpakani, wakimbizi kutoka ng'ambo, na wanajeshi wastaafu ambao hawana pengine pa kwenda asubuhi.

Kwetu huwezi kumpa mtu kinywaji ukakaa unamtazama. Anayetoa anaonja kwanza, mbele ya macho ya mpokeaji, na anameza aonekane amemeza. Ndipo mwingine anapokea. Sumu inaogopwa sana huku mpakani. Mtu akifa ghafla hakuna anayezungumzia moyo wala shinikizo la damu. Watu wanauliza: jana alikula kwa nani?

Desturi hiyo ilinifaa, maana mimi nilizaliwa na shaka. Tangu utoto, matangani nilikula tu kutoka sufuria ambayo wengine walikwisha kula wakabaki wazima. Mtu akinisalimia kwa furaha sana, nilirudi nyumbani nikijiuliza anataka nini. Kwa hiyo kazi ya kwete niliipenda. Ni biashara ambayo watu wote wanashukiana waziwazi, bila aibu, na kila mmoja anarudi kwake salama.

Sasa fikiria mwenyewe. Chungu kipya, naonja. Wakija wateja wapya, naonja. Akija mmoja amechelewa, haamini kwamba niliwaonjea wengine, naonja tena. Mwanzoni nilikuwa nalowesha midomo tu. Baadaye funda. Baadaye nikanunua kikombe cha kuonjea kikubwa zaidi, nikawaambia wateja ni kwa ajili yao, waone vizuri. Hakuna aliyelalamika. Walinisifu kwamba Mama Joel hana hila, anaonja kikombe kizima.

Mwili ulianza kunidai kabla wateja hawajafika. Niliamka mikono inatetemeka, siwezi kufunga kitenge changu. Nilitapika maji ya njano, machungu, nje ya mlango. Jasho lilinitoka hata asubuhi ya baridi. Nikinywa kikombe kimoja, mikono ilitulia. Miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nikasahau kupalilia kaburi la mume wangu. Majani yalipanda mpaka kifuani pangu, na mimi nilipita hapo kila siku kwenda chooni. Nikiulizwa, nilisema ni malaria, na moyoni nilikuwa na hakika kuna jirani aliyenifanyia kitu. Nilikuwa na majina yao. Hata siku moja sikukishuku kikombe.

Mdogo wangu Adiru anakaa Oli, pembeni mwa mji wa Arua, anauza nyanya na samaki wakavu. Ameokoka, hajawahi kuonja pombe maishani mwake, na kwa tabia ni kinyume changu kabisa. Yeye anamwamini kila mtu mpaka unamwonea huruma. Alikuja kunitembelea, akaniona, akakaa chini akalia. Nilikasirika. Nilimuuliza kama amekuja kunililia nikiwa hai. Akainuka, akafagia nyumba, akafua blanketi langu ambalo sitasema lilikuwa na hali gani.

Safari iliyofuata alikuja amebadilika. Hakulia. Asubuhi na mapema, kabla sijagusa kikombe changu cha kwanza, aliniletea chai ya tangawizi. Nilimwambia aonje. Hakushangaa, anajua nilivyo. Alipuliza, akanywa mafunda mawili, akameza, akafungua mdomo kwa kunitania. Nikanywa yote. Halafu akanifuata kila nilikokwenda, jikoni, kwenye vyungu, uani, nikashindwa kupata nafasi ya kunywa. Mikono ilinitetemeka nikichuja kwete, na jicho lake liko mgongoni. Nilijua anaficha jambo. Ila chai alikuwa ameionja, basi nikadhani jambo lenyewe ni maombi.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa Afande Lomoro. Huyu ni mwanajeshi mstaafu, mzee mrefu, mkavu, amekula mishahara ya serikali zaidi ya moja na haamini hata moja. Kwa shaka alinishinda. Hakukaa na mgongo wake kwenye mlango, na hakupokea kikombe mpaka aone koo langu likishuka. Nilichota, nikaonja mbele yake, yaani nikanywa kikombe kizima, maana nilikuwa na kiu ya tangu alfajiri. Nikamchotea cha kwake. Alikuwa amekishika mkononi, bado hajakiinua, ndipo kilichonipata kikanipata.

Uso uliwaka kama nimeinamia mafiga. Shingo ikawaka, kifua kikawaka. Moyo ukaanza kupiga mpaka niliusikia masikioni. Kichwa kikagonga. Nilitaka kumwambia Adiru aniletee maji, pumzi ikakata. Nilitapika juu ya miguu yangu, halafu nikaanguka. Nilipokuwa chini nilimwona Afande Lomoro akitazama kikombe chake, akakiweka chini polepole sana. Kisha akawaambia watu waliokuwa wakifika, kwa Kiswahili chake cha jeshini:

"Hapana gusa. Iko sumu ndani. Huyu mama alitaka kuua mimi, na sumu namurudia yeye."

Haya ndiyo niliyoyasikia kabla macho hayajafumba. Ulikuwa mwisho wa jina langu Koboko. Mtu anayeonja akaanguka mbele ya wateja hahitaji shahidi mwingine. Adiru aliniambia baadaye kwamba vyungu vyote vilimwagwa, na mwenyekiti wa kijiji alisema nikipona nisirudi, kwa usalama wangu. Unajua maana ya usalama wangu. Nyumba iliyo na kaburi la mume wangu nyuma yake haikuwa ya kwangu tena, kwa sababu hakuna mahali duniani panapompokea mwenye sumu.

Hospitalini Koboko walinitundikia maji ya mshipani, wakanipeleka Arua kwa gari la wagonjwa. Nililala kwenye wodi ambayo ukuta wake ulikuwa wa kijani hadi nusu, na mle ndani nilishuku kila kitu. Wazo langu la kwanza: Lomoro mwenyewe ametia sumu nilipogeuka. La pili: jirani anayepika kwete upande wa pili wa barabara. La tatu: wauguzi wanamalizia kazi ya wale wa kwanza. Uji wa hospitali nilikataa mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili auonje. Yule mama alikuwa na njaa, akawa anaonja nusu bakuli.

Kisha ikaja shida ile ya kukosa pombe. Nilitetemeka mpaka kitanda kilikuwa kinagonga ukuta. Niliona kumbikumbi wakitoka kwenye blanketi, wengi, wanono, mabawa yanang'aa, nikawa nawaokota na kuwatia kwenye bakuli ili niwakaange. Bakuli lilikuwa tupu. Adiru alinishika mikono, nikamwambia aache, watakimbia. Walinipa dawa ya kutuliza, nikalala, nikaamka, nikalala tena. Nashukuru walinipa, kwa sababu nilijifunza baadaye kwamba mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla bila dawa anaweza kupata degedege akafa. Wewe unayetaka kuacha, usijifungie chumbani peke yako ukaita huo ni ushujaa.

Nilipopata akili, alikuja daktari wa magonjwa ya akili, Daktari Okello, kijana kutoka Lira. Hatukuwa na lugha ya nyumbani pamoja, tukasemeshana kwa Kiswahili, na chake kilikuwa cha kambini kwa sababu baba yake alikuwa polisi. Alitaka kujua nilianguka vipi. Nikamweleza kila kitu, pamoja na majina ya washukiwa wangu kwa mpangilio. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama uso uliwaka kabla ya kutapika au baada. Nikasema kabla. Akauliza kama kuna mtu amenipa vidonge vya kuacha pombe. Nikasema hakuna.

Mimi nimeishi kwa kutazama watu, na ni kazi ninayoijua kuliko kwete. Adiru alikuwa amesimama pembeni ya kitanda. Daktari alipotaja vidonge, alianza kukunja upande wa shuka langu, akaukunjua, akaukunja tena.

Nikamwambia kwa Kilugbara chetu, "Adiru, tazama huku."

Hakutazama. Alisema akiwa analitazama shuka: "Niliweka kwenye chai, dada. Nilitaka uache. Sikujua ingekuangusha hivyo."

Mwanamke wa kanisani kwake, ambaye mume wake alikuwa mlevi, ndiye aliyempa vidonge vilivyobaki, akamwambia asage atie kwenye chai, mgonjwa asijue. Adiru hakujua vingapi vinatosha. Alisaga kadiri alivyoona.

Nilichouliza mimi hakikuwa kwa nini. Niliuliza, "Lakini ulionja. Nilikuona ukimeza."

Daktari alitaka kujua tunasema nini, Adiru akamtafsiria, na yeye akaniambia jambo lililoninyima usingizi kwa muda mrefu. Dawa hiyo inaitwa disalfiramu. Pombe ikiingia mwilini, ini linaivunja hatua kwa hatua, na katikati ya safari pombe inakuwa kitu kikali chenye sumu, ambacho kwa kawaida ini linakimaliza upesi. Disalfiramu inazuia ini lisikimalize. Kinajaa kwenye damu, ndipo uso unawaka na moyo unakimbia, na mtu anaweza kufa. Asiyekunywa pombe akimeza kidonge hicho kwa kawaida hapati kitu. Adiru angeweza kunywa birika zima la chai ile akaenda sokoni kuuza nyanya zake.

"Dawa hapana mbaya," alisema. "Iko watu wanameza na inasaidia wao. Lakini mutu lazima ajue, akubali, na daktari aangalie moyo na ini kwanza. Kuweka kwa siri, hiyo ndiyo mbaya."

Nililala nikitazama ukuta. Maisha yangu yote nilisimama juu ya jambo moja, kwamba kinachoonjwa mbele yako ni salama. Na sasa naambiwa mtu anayenipenda ameonja, amemeza, na bado ameniangusha. Nilimkasirikia Adiru kwa hasira ambayo sikuwa nimewahi kuwa nayo hata kwa adui. Nilimwambia aondoke, sitakula tena kitu kilichopita mikononi mwake. Aliondoka. Kesho yake alirudi na ndizi ambazo hazijamenywa, akaziweka mezani, maana ndizi yenye ganda haina pa kutilia dawa. Nilizila. Hasira haikuisha, lakini nilizila.

Daktari akawa anakuja kuzungumza nami juu ya kichwa changu. Yeye alikuwa na subira na mimi nilikuwa na maswali. Alisema ndani ya ubongo kuna kemikali za kutuliza na kemikali za kuamsha, na zinapaswa kulingana. Pombe inaongeza nguvu ya zile za kutuliza. Ukinywa kila siku, ubongo unaona utulivu umezidi, nao unaongeza za kuamsha ili ulingane. Siku pombe haiji, za kuamsha zinabaki zimepanda peke yake. Ndiyo mitetemo, ndiyo jasho, ndiyo kumbikumbi. Nilimuuliza kama amewahi kuuona ubongo wa mtu kwa macho yake. Akasema ndiyo, chuoni. Nikamuuliza kama aliona hizo kemikali. Akasema hapana, hazionekani kwa macho, zinapimwa. Hapo nilianza kumheshimu kidogo. Mwongo angesema ameziona.

Akaniambia tena kwamba ubongo unatengeneza wenyewe vitu vya raha, na kwamba pombe inavifungulia vingi kwa mara moja. Vinapofika mahali pake pa kukaa, mtu anajisikia vizuri, na ubongo unashika kumbukumbu: leta tena. Kuna dawa nyingine, naltreksoni, ambayo inakwenda kukalia mahali pale. Raha ikifika inakuta pamekaliwa. Pombe haikuangushi wala haikuchomi. Inakosa tu utamu wake, na hamu inapungua polepole.

Nilimwekea maswali yangu yote. Kama dawa imekalia pale, raha ya chakula je? Raha ya kuimba? Akakiri kwamba wengine wanajisikia baridi kidogo, na nikijisikia hivyo nimwambie. Alisema haisaidii kila mtu. Alisema lazima apime ini langu kwanza, na kwamba nisiimeze pamoja na dawa kali za maumivu za jamii ya morfini. Tena akasema si lazima, nikikataa ataendelea kuja kuzungumza nami. Kusema kweli, maneno hayo ndiyo yaliyoniudhi. Nilimtafuta anapotaka kunisukuma, nisimpate.

Basi nikamwambia ameze yeye kwanza.

Alicheka, kisha akaacha kucheka alipoona sichezi. Akavuta kiti.

"Dada yako alionja chai," alisema. "Ilimufanya nini?"

Nikavuta shuka mpaka shingoni.

"Basi mimi nikimeza, wewe najua nini? Kuonja yangu hapana saidia wewe. Uliza mimi iko nini ndani, nafanya kazi gani, nadhuru wapi. Mimi nasema yote. Siku utaona nadanganya, rudisha dawa."

Ini lilipimwa, likaonekana limechoka lakini linaweza kuhimili. Dawa haikuwepo pale Arua, ilibidi iagizwe Kampala ije na basi. Nilisubiri disalfiramu ya Adiru itoke mwilini kabisa. Nilipopewa pakiti, nilitaka kuishika mwenyewe, nikasoma jina juu yake herufi kwa herufi, nikaifunga kwenye pindo la kitenge changu. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeigusa.

Nilikaa kwa Adiru, Oli, kwa sababu sikuwa na pengine. Nilijipikia chakula changu kwenye sigiri yangu, sufuria yangu, na yeye alikubali. Majuma ya kwanza dawa ilinitia kichefuchefu na kichwa kuuma. Nilidhani daktari amenidanganya, nikakumbuka kwamba alikuwa amenitajia kichefuchefu hicho kabla. Kisha shaka ikanijia kwa upande mwingine: labda haifanyi kitu, labda ni unga wa muhogo. Nikatoka nikaenda kwa mama mmoja anayeuza waragi, ile pombe kali ya kukerekwa, karibu na mto, nikanunua, nikanywa.

Ilichoma koo kama kawaida. Nikangoja ile raha ya kifuani, ambayo kwa miaka ndiyo iliyoniamsha asubuhi. Haikuja. Nikanywa tena kidogo, nikangoja. Nilikuwa nimekaa tu kwenye benchi, mwanamke mzima, mdomo unanuka spiriti, nasikia mto na nzi. Nikasimama nikaacha glasi ina pombe ndani yake. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuacha pombe kwenye glasi tangu nilipofiwa. Nilipomweleza daktari, nilitegemea anifokee. Aliuliza tu ilikuwaje, nikamwambia ilikuwa kama kusalimia mtu na asikujibu. Sisemi hivyo kukupa wewe ruhusa ya kujaribu. Wengine wanaambiwa wasiguse kabisa, na pombe inamlewesha mtu hata kama haina raha. Nasema kilichonipata mimi.

Hamu ilirudi mara nyingi. Harufu ya ulezi uliolowekwa ilinitoa machozi. Lakini kila iliporudi ilikuwa na nguvu kidogo kuliko jana yake, na miguu ikaacha kuvimba, na nikaanza kukumbuka ndoto zangu. Nikajua nitaishi. Ndipo nikataka nyumba yangu.

Nilimwambia Adiru kwamba ni yeye tu anayeweza kunirudisha. Alielewa. Aliogopa mpaka akaharisha, maana mtu anayesimama mbele ya watu akasema "nilitia kitu kwenye chai" huenda asimalize sentensi. Lakini alifunga kilemba chake cha kanisani na tukapanda gari la Koboko.

Mwenyekiti alituita uani kwake, mchana, watu wakajaa. Afande Lomoro alikaa na mgongo ukutani. Adiru akasema yote, mwanamke wa kanisani, vidonge, tangawizi. Watu wakanung'unika. Mzee akanyoosha mkono.

"Wewe nasema dawa hii mutu akimeza bila pombe, hapana kitu. Akikunywa pombe, naanguka. Hiyo dawa iko wapi?"

Adiru alikuwa nayo. Mpumbavu huyu alikuwa amevibeba vidonge vilivyobaki, bila kuniambia, ili aonyeshe. Akatoa kimoja, akameza mbele ya wote, akanywa maji. Akasimama. Tukangoja. Hakuna kilichotokea.

"Sasa iko nusu," alisema Lomoro. "Wacha akunywe kwete tuone nusu ingine."

Mtu akaleta kata ya kwete. Adiru, ambaye hajawahi kuonja pombe, akaipokea. Akanitazama, na nikaelewa kwamba atakunywa kweli. Angekunywa, aanguke mbele yao uso unawaka, moyo ukimbie, labda usirudi, na mimi ningepata nyumba yangu.

Nilimnyang'anya kata. Harufu ikanipanda puani, ilikuwa kwete nzuri, ya siku yake. Nilisikia harufu tu, bila hamu. Nikaimwaga yote chini, juu ya viatu vya mwenyekiti.

Kelele zikaanza. Wengine wakasema si mnaona, ameogopa uongo wao ujulikane. Nilijua nimepoteza. Nilimshika Adiru mkono tuondoke, nikamwambia kwa lugha yetu kwamba Oli pananitosha. Tulikuwa tumefika kwenye ua wa mabua niliposikia sauti ya Lomoro, bila haraka.

"Simama. Nyinyi nyamaza." Wakanyamaza. "Mimi najua watu ya sumu, naona wao tangu vita. Mutu ya sumu hapana mwaga. Mutu ya sumu nawacha mwingine akunywe." Akaninyooshea kidole. "Huyu arudi kwake."

Mwenyekiti alikuwa anapangusa viatu. Akasema basi, arudi.

Nimerudi. Kaburi nimelipalilia, vyungu nimeviuza. Nauza chai na maharage kwa matingo walewale, na Afande Lomoro anakuja asubuhi kama zamani, anakaa na mgongo ukutani, na bado hagusi chai mpaka nionje. Namwonjea. Simlaumu. Chai haijawahi kunidai kikombe kikubwa zaidi. Dawa nilimeza kwa muda daktari aliotaka, tukaipunguza pamoja, na bado napita kumwona nikiwa Arua. Namshukuru Mungu, namshukuru kijana yule wa Lira aliyevumilia maswali yangu, na mama wa kitanda cha pili aliyenionjea uji.

Kwako wewe mwenye ndugu anayekunywa: usimtilie kitu kwenye chakula, hata kwa mapenzi, hata kanisa zima likikuhimiza. Mpeleke kwa mganga wa hospitali, na aambiwe anachopewa. Na wewe unayekunywa, ugonjwa huu unakaa kwenye ubongo na una dawa, zaidi ya moja, na kila moja ina masharti yake. Uliza maswali yote. Shuku, ukitaka, mimi nilishuku mpaka mwisho. Ila shuku ukiwa umekaa mbele ya daktari, usishuke shimoni na shaka yako peke yako.

Adiru alikuja Jumamosi iliyopita na samaki wake. Asubuhi akanipikia chai. Alipoleta kikombe alikiinua kwenye midomo yake ili aonje, kwa mazoea, nikamzuia mkono. Nikamuuliza, "Umeweka nini?"

Akasema, "Majani na sukari."

Nikanywa.